Nyumba ya Kupanga Dar es Salaam: Tazama Kwanza Gari Litalala Wapi

Mtu mwenye gari anapotafuta nyumba ya kupanga Dar es Salaam huanza kwa kuuliza idadi ya vyumba, akafuatia na maji, umeme na umbali wa kutoka kazini, na swali la mahali pa kulaza gari hulitaja mwishoni, wakati moyo umeshaipenda nyumba. Ushauri wangu ni kuugeuza utaratibu huo. Chumba kidogo utakizoea, na jiko lisilo na makabati utalitengeneza polepole, lakini gari lisilo na mahali pake litakugombanisha na majirani kila alfajiri, litakugharimu vioo na taa, na huenda likakuhamisha kabla kodi uliyolipa haijaisha. Nimepanga Sinza, nikapanga Tabata, na sasa naishi Salasala. Nimewasaidia pia ndugu na wenzangu wa kazini kutafuta nyumba, na mara nyingi nimeona kwamba amani ya mpangaji huamuliwa na kile kipande cha ardhi kilicho kati ya geti na baraza.

Uhaba huu una sababu zake. Maeneo mengi ya jiji yalipangwa wakati ambapo gari binafsi lilikuwa mali ya watu wachache. Sinza, Kijitonyama na sehemu ya Mikocheni zilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na viwanja vingi vilikatwa vidogo ili familia za kipato cha chini ziweze kujijengea. Leo kwenye kiwanja kilekile utakuta nyumba kubwa katikati, vyumba vya kupangisha nyuma, na fremu za maduka mbele, huku karibu kila mlango ukiwa na mtu mwenye gari au anayetarajia kununua. Manzese, Tandale na sehemu kubwa ya Mwananyamala nyumba zilitangulia, barabara zikabaki vichochoro ambavyo bajaji hupita kwa kujibana. Kariakoo nyumba za Kiswahili zenye ua wa nyuma zimepisha maghorofa, na Upanga fleti nyingi za Shirika la Nyumba la Taifa zina nafasi wazi kati ya majengo, ila nafasi hiyo hugawanywa kwa mazoea ya wakazi wa siku nyingi, na mgeni huambiwa na jirani, wala si na karatasi yoyote, kwamba pale anaposimama mzee fulani hapasogelewi. Ukitoka nje zaidi, kwenda Goba, Madale, Kinyerezi au Kibada, viwanja vinaanza kupumua, na hapo tatizo huhama kutoka uani likaingia barabarani, kama nitakavyoeleza.

Kwa hiyo, kabla ya kumpigia dalali, amua unachoweza kuvumilia: ua mwembamba karibu na mjini, au ua mpana mwisho wa barabara ya vumbi. Ukishaamua, mweleze dalali kwa maneno yasiyoacha mwanya. Dalali hulipwa fedha kidogo kwa kumzungusha mteja, na nyumba ikipatikana hupata kiasi cha kodi ya mwezi mmoja, hivyo ukimuuliza kama paking ipo, jibu lake litakuwa kwamba ipo tena ya kutosha. Simlaumu, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Muulize badala yake magari mangapi yanalala ndani ya geti sasa hivi, ni ya nani, na lako litakuwa la ngapi. Muulize kama gari linaingia ndani ya fensi au linafika tu mbele ya nyumba. Dalali anayeijua nyumba hujibu papo hapo, na asiyeijua hukuahidi kwamba mtaongea na mwenye nyumba, jambo ambalo lina faida yake, kwa sababu mwenye nyumba ndiye mtu unayehitaji kuzungumza naye.

Nilipokuwa namtafutia mdogo wangu nyumba maeneo ya Mwenge, tulikaribishwa na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akipangisha upande wa nyumba yake. Baada ya shikamoo na marahaba, nilimuuliza, "Mama, ndani ya geti hapa yanalala magari mangapi?"

"Matatu, mwanangu. Ila kijana wangu akija kutoka Morogoro mwisho wa wiki, yanakuwa manne."

"Na akija, la huyu mdogo wangu litasimama wapi?"

Alifikiri kidogo, akatazama ua wake, kisha akasema, "Hapo ndipo tutakapobanana."

Jibu hilo lilinifurahisha kuliko kama angesema hakuna shida, kwa maana lilitupa jambo la kuafikiana mapema. Tulikubaliana kwamba kijana wake atakapokuja gari lake ndilo litakalobaki nje mbele ya geti, karibu na taa ya mlinzi, na la mpangaji halitaondolewa mahali pake. Yule mama mwenyewe ndiye aliyependekeza liandikwe. Mdogo wangu aliishi pale vizuri mpaka alipohamishwa kikazi.

Jambo la pili, na ambalo nalisisitiza kwa kila anayeniomba ushauri, ni kuiona nyumba usiku. Madalali huonyesha nyumba mchana, na mchana magari yako Posta, Kariakoo, bandarini na vyuoni, kwa hiyo ua wowote utaonekana mpana. Rudi siku ya kazi baada ya saa tatu usiku, wakati watu wamesharudi, na ikiwezekana uende na gari lako mwenyewe. Liingize ndani, uligeuze, ulitoe. Kama unalazimika kurudi kinyumenyume hadi barabarani huku watoto wakipita na bodaboda zikikatiza nyuma yako, ujue kwamba hivyo ndivyo utakavyofanya kila siku. Ukiwa hapo utaona pia mambo ambayo hakuna mtu angekumbuka kukwambia: bodaboda zinazoegeshwa barazani, meza ya chipsi inayowekwa mbele ya geti jioni, au wateja wa baa ya jirani wanaoziba njia hadi usiku wa manane.

Chukua futi na upime. Toyota IST, ambayo ndiyo gari la familia nyingi hapa kwetu, ina urefu wa takriban mita 3.9 na upana wa mita 1.7, wakati Harrier hukaribia mita 4.7 kwa urefu na mita 1.85 kwa upana, bila kuhesabu vioo vya pembeni. Nafasi ya mita 2.5 kwa mita 5 inatosha kwa gari la kawaida na milango kufunguka. Chini ya hapo utakuwa unamshusha mzazi wako nje ya geti kwa sababu mlango wa upande wake haufunguki. Pima geti pia, hasa pale linapofunguliwa na bawa moja likashindwa kurudi hadi mwisho kwa sababu ya simtanki au ngazi. Na uutazame mteremko wa kuingilia: nyumba nyingi zimejengwa juu ya usawa wa barabara ili maji yasiingie, mwenye nyumba akamwaga zege kali mbele ya geti, na gari la chini likipita pale hukwangua bampa kila linapoingia. Ikiwa kuna mtaro uliofunikwa kwa vyuma au mbao, shuka uukague kwa miguu kabla ya kupitisha gari juu yake.

Nitakaa kidogo kwenye suala la zamu za kutoka, kwa sababu ndilo lenye ugomvi mwingi. Katika nyumba ya Tabata tulikuwa familia kadhaa kwenye ua mrefu na mwembamba, na magari yalisimama moja nyuma ya jingine. Mmoja wetu alikuwa muuguzi wa zamu, mwingine alifanya biashara ya mboga na alitoka kabla ya adhana ya alfajiri kuwahi sokoni, na wengine tulikuwa wa ofisini, tukiondoka saa kumi na moja na nusu ili kuikwepa foleni. Kanuni yetu ilikuwa kwamba anayetoka mapema zaidi huingia wa mwisho, lakini kanuni hiyo peke yake haikutosha, kwa kuwa wa kutoka mapema mara nyingi ndiye pia wa kurudi mapema. Kilichotuokoa ni kukaa kikao kimoja barazani na kupatana juu ya mambo ya wazi: kila mmoja aandike saa yake ya kutoka kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mita za LUKU, anayebadilisha ratiba aseme tangu jioni, na atakayekuwa ameziba njia aamke mwenyewe kulisogeza gari lake. Kuachiana funguo tulikukataa, na hata leo nakushauri ukukatae, isipokuwa kwa mtu unayemwamini kabisa na mwenye leseni. Gari likikwaruzwa na mlinzi au kijana wa jirani aliyekuwa akisaidia kulisogeza, fidia huwa haipatikani na urafiki huvunjika.

Ndiyo maana, unapokagua nyumba yenye wapangaji wengine, omba kuzungumza nao kabla ya kulipa. Wasalimie, jitambulishe, waulize wanatoka saa ngapi. Ikiwa wewe ni mtu wa kutoka alfajiri na nafasi inayobaki ni ile ya ndani kabisa, nyumba hiyo haikufai hata kama vyumba ni vizuri. Kinyume chake, kama unalitumia gari mwisho wa wiki tu, ile nafasi ya ndani isiyotakiwa na mtu ni yako na unaweza kuitumia kuombea punguzo la kodi. Wakazi wa kandokando ya Barabara ya Morogoro wamelipata hili tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016 kati ya Kimara na katikati ya jiji, kwa kuwa mtu anaweza kwenda kazini kwa basi na gari likabaki ndani kwa ajili ya safari za familia.

Sasa barabara. Mvua zetu ni za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, na nyumba unayoiona Agosti ni nusu tu ya nyumba utakayoishi. Katika miinuko ya Goba, Salasala na Kimara maji huchimba barabara za mitaa yakaacha makorongo, na udongo wa mfinyanzi hulifanya gari dogo liteleze hadi ukutani. Mabondeni hatari ni kubwa zaidi: Mto Msimbazi na Mto Ng'ombe, unaopita karibu na Sinza, Tandale na Mwananyamala, hufurika, na waliokuwepo Desemba 2011 wanakumbuka jinsi mafuriko yalivyoua watu na kuwaacha wengi bila makazi. Tafuta alama ya maji kwenye kuta za fensi, tazama kama majirani wamepanga viroba vya mchanga mbele ya mageti, na uangalie kama vizingiti vya milango vimeinuliwa kuliko kawaida. Halafu nenda kwenye kijiwe cha bodaboda kilicho karibu ukaulize kama gari dogo hupita mvua ikinyesha usiku kucha. Vijana wale wanaijua barabara kuliko mwenye nyumba, na hawana sababu ya kukuficha. Muulize pia mjumbe kama wakazi huchangia kifusi, maana katika mitaa mingi barabara hupitika kwa michango ya wenyeji, na ni vizuri kuujua mchango huo kabla hujapanga bajeti yako.

Kuhusu wizi, gari linalolala nje ya fensi Dar es Salaam huwa hatarini kupoteza vioo vya pembeni, taa, betri na swichi za vioo vya milango. Kuchora namba ya usajili kwenye vioo na taa husaidia kiasi, kwa kuwa mwizi hupata shida kuviuza. Fensi yenye geti linalofungwa, taa inayowaka usiku kucha na mlinzi anayejulikana kwa majirani vinasaidia zaidi. Uliza taa ya uani imeunganishwa kwenye LUKU ya nani, kwa sababu taa isiyo na mwenyewe huzimwa mwezi wa kwanza tu umeme unapopanda, na uliza mshahara wa mlinzi unagawanywaje.

Kivuli kinapendeza, lakini tazama ni cha nini. Chini ya mnazi usiegeshe kabisa, na chini ya mwembe ujiandae kwa miezi ya mwisho wa mwaka, embe zinapoanguka na kunguru wakikaa juu. Kwa wale wanaopenda upepo wa bahari wa Kunduchi, Mbezi Beach au Kigamboni, chumvi huila bodi ya gari, na paa la kuegeshea pamoja na kuliosha gari mara kwa mara, sehemu ya chini hasa, ni mambo ya lazima.

Maghorofani, hasa katikati ya jiji, mambo ni machache lakini mazito. Hakikisha nafasi yako ina namba na namba hiyo ni ya fleti yako, maana majengo mengi yana fleti nyingi kuliko nafasi za magari. Kama maegesho yako chini ya jengo, uliza maji ya mvua yanatolewaje, na ujaribu kukata kona kati ya nguzo. Anayetegemea kuegesha barabarani akumbuke kwamba mchana ataingia kwenye ushuru wa maegesho, na gharama hiyo ijumlishwe kwenye kodi anayoilinganisha.

Tukija kwenye mkataba, hapa ndipo naomba usione haya. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inautambua upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja hata ukifanywa kwa mdomo, na wenye nyumba wengi huridhika na karatasi ya ukurasa mmoja inayotaja kodi na tarehe tu. Hata hivyo kodi huombwa ya miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima kwa mkupuo, na fedha ikishatoka mkononi mwako, nguvu ya kudai ahadi za mdomo hupungua sana. Andika kwamba upangaji unajumuisha nafasi ya gari moja au mawili, itaje ilipo kwa kuielezea, kwa mfano upande wa kulia wa geti karibu na kisima, na uandike kwamba haitabadilishwa bila makubaliano. Andika mgeni wako atasimamisha gari wapi. Andika saa za kufungwa geti na kwamba utapewa funguo yako mwenyewe. Mkataba usainiwe mbele ya mashahidi, na ukiweza mpitie ofisi ya serikali ya mtaa, kwa kuwa mwenyekiti aliyeuona mkataba huwasuluhisha kwa urahisi zaidi mkikwaruzana.

Kuna kifungu kimoja ambacho sikuwahi kukiona kwenye mikataba ya kununua dukani, nami humwambia kila mtu akiongeze: kwamba katika muda wa upangaji mwenye nyumba hatajenga chochote kwenye eneo la kuegeshea. Nilipokuwa Sinza, mwenye nyumba wangu alianza kushusha mchanga na tofali uani, na muda si mrefu zikasimama fremu mbili za maduka pale nilipokuwa nalaza gari. Alikuwa na haki ya kutafuta kipato kwenye kiwanja chake, lakini mimi nilikuwa nimelipa kodi kwa nyumba yenye maegesho, na sikuwa na karatasi ya kuonyesha. Tangu hapo nimeona jambo hilohilo likiwapata wapangaji wengi katika mitaa yenye biashara. Kama nyumba inatazama barabara yenye watu, hesabu kwamba wazo la fremu limeshapita kichwani mwa mwenye nyumba, na mlizungumze waziwazi: akijenga, kodi itapungua kwa kiasi gani, au fedha ya miezi iliyobaki itarudishwa lini.

Ikiwa umeipenda nyumba isiyo na pa kulaza gari, bado kuna njia. Vituo vya mafuta, viwanja vya makanisa na majirani wenye ua mpana hupokea magari ya kulala kwa malipo ya mwezi. Kabla ya kukubali, tembea kwa miguu kutoka hapo hadi nyumbani saa nne usiku na uone kama njia ina taa na watu, ujue geti hufunguliwa saa ngapi asubuhi, na udai risiti kila mwezi. Kwa mwenye watoto wadogo au mgonjwa nyumbani njia hii siipendekezi, kwa sababu dharura ya usiku haisubiri mlinzi wa mbali atafutwe.

Siku ya kukabidhiwa nyumba, ingiza gari jioni hiyohiyo, hata kama vitanda havijafika. Piga picha nafasi yako na ufa wowote ulio sakafuni au ukutani, na madoa ya mafuta yaliyokuwepo, kisha mtumie mwenye nyumba ili baadaye usidaiwe matengenezo. Ukikuta gari la mtu mwingine limesimama hapo, usiliache lilale kwa kuona aibu ya ugeni. Gonga mlango wa mwenyewe, msalimie, mwonyeshe kwa upole mlivyokubaliana, na akisita mpigie mwenye nyumba mkiwa wote wawili mmesimama hapo.